Babu Saisi anajibu: Farasi anayegeukia getini

SWALI

Shikamoo Babu Saisi. Safu yako nimeisoma miaka mingi nikiwa sina farasi. Sasa ninaye, na ile raha niliyoitarajia bado sijaiona. Wiki sita zilizopita nilinunua farasi jike wa miaka saba, rangi ya kahawia, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Siku niliyokwenda kumwona nilimkuta ameshatandikwa. Kijana mmoja akampanda, akazunguka naye uwanjani taratibu, kisha nami nikapanda kama dakika kumi. Alikuwa ametulia kama maji mtungini.

Hapa kwangu niko peke yangu naye. Mwalimu wa kupanda hayupo karibu. Ninachokijua nilifundishwa utotoni, na kingine nimekiokota kwa kupanda farasi wa watu. Wiki mbili za kwanza tulikwenda vizuri. Kisha mambo yakaanza. Nikitia mguu kwenye rikabu, kile chuma cha kukanyagia, anaondoka kabla sijakaa. Tukitoka nje, hatua kama mia mbili kutoka getini anasimama, anageuza shingo, anataka kurudi. Nampiga visigino, tunazungushana pale mpaka nachoka, mwisho nashuka namwongoza kwa miguu hadi nyumbani. Siku akikubali kwenda, kurudi ndio balaa: anakaza mwendo, anarusha kichwa juu, na kadiri ninavyovuta hatamu ndivyo anavyozidi. Nimembadilishia lijamu, kile chuma cha mdomoni, nikaweka kali zaidi, hali ikawa mbaya zaidi. Shoti, zile mbio za kuruka, anapiga tukizunguka kushoto tu, kulia hataki. Na Jumapili iliyopita nilipomtaka aanze shoti alirusha mateke, nikajikuta chini. Kofia ilipata ufa na kichwa kiliuma siku mbili, lakini sasa nimepona.

Nimuuze? Au tatizo ni mimi?

Mpandaji Mpweke

JIBU

Marahaba mjukuu wangu. Kichwa chako kwanza, cha farasi baadaye. Mtu aliyeanguka kutoka mgongoni mwa farasi, kofia ikapasuka, kichwa kikauma siku mbili, hamwandikii Babu Saisi, anakwenda hospitali. Nenda, hata kama leo unajiona mzima. Kofia hiyo nayo itupe. Kofia ya kupandia hupokea pigo moja tu: ule ukuta laini wa ndani ukishabonyea haurudi, hata kama juu bado inang'aa. Mfupa wangu wa bega la kulia umeungwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naharakisha jambo ambalo lingengoja kesho yake bila hasara yoyote.

Sasa tuje kwa farasi. Kuna maneno mawili katika barua yako niliyoyarudia: "nilimkuta ameshatandikwa." Sisemi kwamba muuzaji alikudanganya. Nasema uliikuta ngoma katikati, hukuiona ikianza. Anayenunua farasi afike amkute yuko huru, aone anavyokamatwa, anavyofungwa mkanda wa tumbo, anavyopandwa akiwa hajafanya kazi yoyote siku hiyo. Farasi aliyezungushwa saa nzima asubuhi, mchana ni farasi mwingine. Basi hilo limepita, nimelitaja kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa huku wakipanga kununua.

Na zile wiki mbili za amani zisikushangaze. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Farasi mgeni huwa mtulivu kwa sababu hajui yuko wapi. Ametolewa kwa wenzake, kila harufu ni ngeni, anangoja aone. Akishazoea ndipo anapoanza kukuuliza maswali, na kila swali alilokuuliza wewe umelijibu, bila kujua kama unajibu. Nitalirudia hilo tukifika getini.

Kabla ya kuandika hapa nilimtumia mjukuu huyu barua fupi, nikamtaka aache kupanda kwa muda na aniangalizie mambo matatu. Nayaeleza kwa sababu ni yale yale ambayo ningemtaka yeyote ayaangalie kabla hajamwita farasi wake mkaidi.

La kwanza, tandiko. Nilimwambia ampande kwa mara moja ya mwisho, nusu saa mwendo wa kawaida na mwendo wa matiti, zile mbio ndogo, uwanjani, kwa kitambaa chembamba chini ya tandiko. Kisha amvue asimpanguse, amtazame mgongo. Jasho likienea sawasawa pande zote mbili, vizuri. Ukiona mahali pakavu katikati ya majimaji, hapo tandiko linabana mpaka ngozi haitoi jasho. Alinijibu hivi: "Babu, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bega, kuna kipande kikavu kama kiberiti. Nilipopapasa nikaona nywele chache nyeupe ambazo sikuwa nimeziona." Nywele nyeupe mahali pa tandiko kwa farasi wa kahawia ni kovu: tandiko fulani, la huko nyuma, liliwahi kumuumiza hapo hapo. Na tandiko analotumia sasa, anakiri, alipewa na rafiki, lilikuwa la farasi mnene zaidi. Tandiko si shuka la kutosha kila kitanda.

La pili, mgongo wenyewe. Simama ubavuni, bonyeza kwa ncha za vidole, polepole, kutoka nyuma ya mabega hadi kiunoni, upana wa kiganja pembeni mwa uti. Farasi mzima atakupuuza. Mwenye maumivu ataubonyeza mgongo chini kuukimbia mkono, atapiga mkia, au atalaza masikio. Mjukuu alipofika palepale pakavu, yule jike aligeuka akamwonyesha meno. Sasa jiulize: kila unapopanda kutoka ardhini kwa kuning'inia kwenye rikabu ya kushoto, tandiko linavutwa na kubana wapi?

La tatu, mdomo. Hili nina deni nalo. Nilipokuwa kijana nilipewa farasi wa miaka minne anayerusha kichwa. Miezi mitatu nilipigana naye. Nikamfunga mkanda wa pua ukamkaza, nikamfunga kichwa kwa kamba kisiinuke, nikamwita kila jina baya nililolijua. Siku moja daktari wa mifugo alikuja kwa shughuli nyingine kabisa, akatia kidole mdomoni mwake, akanishika mkono akanigusisha: kijino kidogo, hakizidi punje ya mahindi, mbele ya magego ya juu, mahali lijamu inapogonga. Kiling'olewa, jeraha likapona, na kichwa kile hakikuruka tena. Hadi leo nikimkumbuka farasi yule natazama chini. Meno ya farasi huota na kusagika maisha yake yote, yakaacha kingo kali zinazokata mashavu. Yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Na lijamu yako kali, mjukuu, itoe leo. Farasi anayekimbia maumivu hazuiwi kwa maumivu mengine.

Nilimwambia pia amwite daktari, tandiko lile lisiguse mgongo tena, na farasi apumzike hadi pale mahali pasishtuke kwa kidole. Muda huo wa kupumzika ndio shule inapoanza, maana kazi kubwa ya farasi hufanywa ukiwa umesimama chini.

Kamba ya kichwani, kamba ndefu ya mita tatu na nusu au nne, dakika kumi na tano au ishirini, basi. Msimamie mbele, kidogo upande. Usisimame katikati ya paji lake, maana macho yake yako ubavuni na hapo mbele karibu hakuoni. Mtake arudi nyuma hatua moja. Shika kamba kwa vidole viwili, weka uzito mdogo kama unaopima mkate kama umeiva, halafu ngoja. Usivute. Ngoja tu na uzito ule ule. Atainua kichwa, ngoja. Atasogea pembeni, mfuate, uzito ule ule. Kisha utaona kifua kinaegemea nyuma, kabla hata mguu haujaondoka chini. Hapo hapo fungua vidole. Usimalizie hatua kwa kumsukuma. Mwache asimame, apige mate, afikiri. Rudia. Mara ya nne au ya tano utakuta huna haja ya uzito, ukishika kamba tu anarudi.

Yaliyobaki yote ni hayo hayo. Farasi hajifunzi pale unapovuta, anajifunza pale unapoachia. Alilokuwa akilifanya wakati unaachia, hilo ndilo analodhani ulikuwa unalitaka.

Twende basi getini. Hatua mia mbili nje, anasimama, mnapigana, unachoka, unashuka, mnarudi nyumbani. Tazama hapo kilichoachiwa ni nini, na kilikuja baada ya nini. Uzito umeshuka mgongoni, visigino vimenyamaza, na njia ya nyumbani imefunguka. Kila siku umemlipa, na kwa wakati. Hujaharibu farasi, mjukuu, umemfundisha vizuri sana kitu usichokitaka. Na usisahau kwamba kila hatua ya pambano lile alikuwa na tandiko linalomchoma bega.

Afya ikirudi, anza kwenda getini kwa miguu, naye kwenye kamba. Hatua mia mbili ndipo anapokataa? Nenda mia moja na hamsini, kabla wazo halijamjia, kisha geuka WEWE. Simama hapo nje, legeza kamba, ale majani dakika tano. Rudini. Ukifika nyumbani usimvue wala usimpe chakula. Mzungushe kidogo palepale mlangoni, kazi nyepesi, kisha toka naye tena. Kesho mia moja na sabini. Akisimama kwa hofu, masikio yamesimama wima na anakodoa, mpe muda atazame, usimkimbize. Baada ya wiki mbili tatu uanze kupanda kwa mtindo huo huo: kazi iwe karibu na nyumbani, mapumziko yawe mbali. Mimi farasi wa namna hii huwa namlegezea mkanda wa tumbo na kumvua hatamu nikiwa bado nje, tukarudi tukitembea bega kwa bega. Utasema hiyo si ndiyo kushuka niliyokukataza? Hapana. Mimi nashuka akiwa ametulia, wewe ulishuka akiwa amekushinda.

Kukaza mwendo wakati wa kurudi: ukivuta hatamu zote mbili unampa kitu cha kuegemea, na katika mchezo wa kuvutana yeye ana zaidi ya kilo mia nne, wewe sijui. Tumia hatamu moja. Akianza kukaza, mgeuze kwa mkono mmoja kwenye duara, si kwa kumnyonga, na mkono wa pili ulegee. Anapopunguza, nyoosha, achia zote. Akikaza tena, duara tena upande mwingine. Siku ya kwanza safari ya dakika kumi itakuchukua saa nzima, utajiona mjinga. Kumgeuza huko mfundishe kwanza akiwa amesimama, kisha akitembea. Kamwe usimkate ghafla hivyo akiwa kwenye shoti ya kweli au penye utelezi, mtaanguka wote wawili.

Kuhusu kuondoka kabla hujakaa, tafuta kitu imara cha kupandia, usining'inie kwenye rikabu. Siku kumi za mwanzo usimpande kabisa: panda juu ya kigoda, mwegemee, shuka. Tia mguu, toa. Ukihisi uzito wake unaanza kuhama, shuka kabla hajatembea. Akitembea, mrudishe palepale bila maneno. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, lakini kwa farasi kupanda nako kuna ngoma yake.

Shoti ya upande mmoja sina mengi ya kusema. Farasi wana upande wanaoupenda kama sisi tulivyo na mkono wa kulia na wa kushoto, na bega lililouma halisaidii. Ila weka simu juu ya nguzo ya uzio, jirekodi kwa nyuma ukipanda. Huna mwalimu, hiyo ndiyo mwalimu wako. Nina wasiwasi utajiona umeinamia kushoto.

Nalisema hilo kwa sababu watu hudharau jinsi farasi anavyomsoma mtu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kule Berlin, kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, akijibu hesabu kwa kugonga kwato. Watu walistaajabu, wengine wakasema ni hila. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst akagundua kwamba muulizaji akiwa hajui jibu, au Hans asipomwona, hesabu zinamshinda. Alikuwa anatazama kichwa cha muulizaji: kikitikisika kidogo tu idadi ilipofika, anaacha kugonga. Mwenyewe muulizaji hakujua kama anatikisika. Sasa wewe unakaribia ile hatua ya mia mbili umebana pumzi, magoti yamekaza, mikono imepanda. Jike wako ameshapata habari kabla hujafika.

Uko peke yako, basi sheria zako ziwe ngumu kuliko za wenye walimu. Simu iwe mwilini mwako, isiwe kwenye mfuko wa tandiko, maana tandiko litaondoka na farasi. Mtu mmoja ajue unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Jambo jipya lisijaribiwe siku ambayo hakuna mtu wa kusikia ukipiga kelele. Na uwe na daftari: tarehe, mlichofanya, alivyokuwa. Jike huingia joto takriban kila siku 21, na baadhi yao siku hizo hukasirikia hata nzi. Bila daftari utadhani amebadilika tabia, kumbe ni kalenda.

Kumuuza? Si sasa. Ukimuuza leo utamuuza na maumivu yake, na atakayemnunua atamkuta ameshatandikwa. Mgongo ukipona, mfanye kazi miezi mitatu ya polepole. Ila akianza kusimama kwa miguu ya nyuma ukiwa juu yake, hapo acha kujifundisha peke yako. Safirisha farasi umfuate mwalimu, au mlipe mwalimu akufuate. Hilo silo la kusoma kwenye safu.

SWALI

Babu, shikamoo. Farasi wangu dume aliyehasiwa anaingia bandani vizuri asubuhi na jioni. Saa saba mchana anagoma mlangoni kama ameona nyoka. Nimempiga, nimembembeleza, nimemfumba macho kwa kitambaa. Banda ni lile lile!

Mwenye Banda Moja

JIBU

Marahaba. Banda ni lile lile, jua si lile lile. Jicho la farasi linaona vizuri usiku kuliko letu, lakini likitoka kwenye mwanga mkali kuingia gizani linachelewa kuzoea, linachelewa kuliko jicho lako. Mchana wewe unamwambia aingie ndani ya shimo jeusi. Asubuhi na jioni nje na ndani vinakaribiana, ndiyo maana hagomi. Fungua dirisha au mlango wa nyuma mwanga upenye. Mfikishe mlangoni, msimamishe kichwa kikiwa kivulini na mwili nje, legeza kamba, ngoja dakika moja mbili. Atashusha kichwa, atapuliza pua, ataingia. Kitambaa kirudishe jikoni.

SWALI

Nikimpa sukari mkononi ananing'ata vidole. Nimpige mdomoni?

Jirani Yake

JIBU

Hapana. Weka kwenye ndoo.